Naomba ushauri: kalamu ya kidijitali imenibakisha na kurasa 11

Habari zenu, ndugu zangu. Nasoma masomo ya jioni hapa mjini baada ya kazi, na mhadhiri wetu anaongea mbio kama makanga anayeita abiria wa mwisho. Nikiandika, nusu inanipita. Desemba binamu yangu alikuja kutoka Marekani akaniachia kalamu ya Livescribe Echo aliyoitumia chuoni.

Kusema kweli nimeipenda. Karibu na ncha ina kamera ndogo inayosoma vitone vilivyochapwa kwenye daftari lake, vidogo hivi kwamba unaona tu ukurasa una kijivu kwa mbali. Unaandika huku inarekodi. Baadaye ukigusa neno kwa kalamu hiyo, unasikia kilichokuwa kikisemwa ulipoliandika. Juzi niligusa "riba" nikamsikia mwalimu, na nyuma yake honi za matatu za barabara ya Tom Mboya.

Shida ni hilo daftari: zimebaki kurasa 11 tu. Kwenye karatasi ya kawaida kalamu inatoa wino tu, basi. Nimezunguka Luthuli Avenue nzima. Duka moja waliniuzia daftari "la kalamu za kisasa" kwa shilingi 1,800, kufika nyumbani halina kitone hata kimoja! Nimesoma kwamba unaweza kujichapia kwa printa ya leza ya rangi, dpi 600 (nukta 600 kwa inchi) kwenda juu. Kuna aliyejaribu kwenye saiba hapa Nairobi ikakubali? Mlitumia karatasi gani?

Na kuhusu mhadhiri: mngemwomba ruhusa ya kumrekodi mbele ya darasa, au mngemfuata kando? Ni mkali kidogo.