Simpendi ila sikiachi

Salma: Jamani nani yuko macho? Umeme umekatika tangu saa nne, nasoma na tochi ya simu na huyu mhusika mkuu namchukia kupita maelezo 😩

Mjomba Hamisi: Kitabu gani tena hicho

Salma: Black Leopard, Red Wolf mjomba, cha yule Mjamaika Marlon James aliyechukua tuzo ya vitabu ya Booker 2015. Fantasia, kurasa zaidi ya 600. Kuna jamaa anaitwa Tracker, pua yake balaa, akishaishika harufu yako basi kimbilia unakotaka atakufata tu. Mfanyabiashara wa watumwa kamkodi yeye na wenzie wamtafute mtoto aliyepotea. Sasa mdomo wake!! Anatukana kila mtu, wanawake ndo usiseme, halafu akikorofishana na rafiki yake yule mtu-chui anasusa kama mtoto kanyimwa andazi

Idi: si ukiache da Salma

Salma: Nakiachaje? Mwanzo tu anakwambia mtoto kashakufa, yaani kashakumalizia hadithi, na bado niko hapa saa saba usiku

Idi: me niliishia njiani, hakuna hata mmoja wa kumshangilia wote wanazungukana, majina kibao

Salma: Ungefika kwa Omoluzu. Mapepo meusi tii, damu ikirushwa darini ndo yanatokea, yanatembea huko huko kichwa chini miguu juu kama vile dari ndo sakafu yao na yanakukimbiza hivyo hivyo. Nikaangalia dari yangu, si lile doa la mvua karibu na taa, nikavuta shuka 😭

Shangazi Zubeda: Ndio maana jana maharage yameungua.
Ila niwaulize, Sungura wa bibi yenu, mwizi, muongo, anamponza Fisi kila siku, nani angempangisha chumba? Mbona mlikuwa mnagoma kulala mpaka amalize

Idi: shangazi Sungura anachekesha lakini. huyo ananuna kurasa 600

Salma: 😂😂 Hapo umenipata. Ila jamaa anasimulia akiwa gerezani, kuna mtu anamhoji, kwahiyo kila anachosema najiuliza hapa kaongopa au kweli, namvizia kama askari kanzu, ningekuwa nampenda si ningemwamini tu nikalala zangu. Na kuna cha pili cha 2022, Sogolon yule bibi mchawi naye anaeleza yake. Nakitaka hicho, maana jamaa kamsema mno

Mjomba Hamisi: Ukimaliza nipe na mimi

Salma: Mjomba hiki hapana 🙈

Mjomba Hamisi: Kwanini, kina matusi?

Salma: Matusi ni afadhali

Shangazi Zubeda: Ngoja. Ndicho kile ulichokisahau juzi kwangu juu ya friji na Shehe alikuja kisomo akakifungua fungua?

Idi: 💀💀💀

Shangazi Zubeda: Salma
Nakuona uko onlaini