Eti monita ya 4K inalazimisha kununua kompyuta mpya?

Binti Kadi: Wakuu, habari za jioni. Nasanifu kadi za harusi hapa Kariakoo. CPU yangu ni Dell OptiPlex 9020, i5, RAM 16, niliinunua ikiwa imetumika. Monita ni ya inchi 22, pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080. Nikikuza kazi naona herufi vizuri ila kadi nzima siioni. Nikirudisha, herufi za mtindo wa mwandiko wa mkono hazisomeki vizuri. Mwezi jana nilichapa kadi 200, majina ya wazazi wa bibi harusi yakawa yamegusana. Nilirudia zote kwa hela yangu, na iliniuma sana. Sasa nataka 4K ya inchi 27. Dukani wananiambia monita ni laki nane, lakini haifanyi kazi bila kompyuta mpya yenye kadi kubwa ya picha, jumla milioni mbili na nusu. Ni kweli?

Fundi Mchikichini: Si kweli, dada yangu. Ghali ni kioo chenyewe. 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni 8, mara nne ya ulizonazo. Anayecheza gemu ndiye anaumia, maana pikseli zote hizo zinachorwa upya mara 60 au zaidi kwa sekunde. Huyo lazima anunue kadi kubwa ya picha, na pengine pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme) pia. Kadi ya harusi imetulia tu. Picha moja ya kujaza skrini ya 4K inakula memori kama MB 33, RAM 16 haiistuki. Angalia nyuma ya CPU yako: kuna DisplayPort mbili, yaani matundu ya waya wa monita. Chomeka hapo upate Hz 60, yaani picha kuchorwa mara 60 kwa sekunde. Usikubali adapta rahisi ya HDMI, nyingi zinaishia Hz 30, kishale kinaburuta mpaka unadhani mashine imechoka.

Mzee wa Vioo: Naongezea. Mwaka 2014 Apple walitoa iMac, kompyuta yenye kioo chake cha 5K (pikseli nyingi kuliko 4K), kwa dola 2,499, na mwaka huohuo Dell wakatangaza monita ya 5K peke yake kwa bei ileile. Ndiyo ujue kioo kilikuwa kimebeba kiasi gani. Binti, unatumia programu gani?

Binti Kadi: CorelDRAW X5, ndiyo nasanifia kadi.

Mzee wa Vioo: Hapo ndipo penye gharama ambayo dukani hawakukutajia. Programu ya 2010 haizijui skrini hizi. Vitufe vitakuwa kama punje za ulezi, na ukiiachia Windows ivikuze, kila kitu kinaingia ukungu, na herufi zako zinabaki na shida ileile. Weka akiba ya toleo jipya kabla ya kufikiria CPU.

Binti Kadi: Asanteni sana, kaka na mzee. Jumamosi napakia CPU kwenye bajaji, naiunganisha palepale dukani kwa DisplayPort, na nafungua ile kadi iliyoharibika. Nikiona majina ya wale wazazi yameachana bila kukuza, nalipia monita tu.