Mrejesho: Kigari kisicho na rivasi kingefaa vichochoroni?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama Peel P50, kigari cha mtu mmoja kilichotengenezwa kisiwani Isle of Man, karibu na Uingereza, kati ya 1962 na 1965, kingeweza kutembea vichochoroni Mji Mkongwe, Zanzibar, ilhali hakina rivasi (gia ya kurudi nyuma). Ahsanteni kwa majibu, hasa aliyeniambia nichore vipimo sakafuni.

Nimechora: urefu sentimita 137, upana 99. Ami yangu, fundi seremala, akaweka kigoda ndani ya mistari ya chaki, akakaa, magoti yakamfika kifuani. Hakuamini kwamba watu walikwenda nacho kazini. Kisha tukachukua tepu mpaka Malindi, mtaa wa hapo hapo Mji Mkongwe. Njia nyingi tulizopima kinapenya, lakini penye baraza mpita njia itabidi ajibanze mlangoni mwa watu.

Kugeuka si tabu. Kina kilo 59 tu na gurudumu moja nyuma; unashuka, unashika mpini wa nyuma, unakinyanyua na kukizungusha.

Aliyependekeza Messerschmitt KR200, kigari cha Kijerumani cha magurudumu matatu, amenifungua macho. Injini yake unaizima, unaiwasha izunguke kinyume, na gia zote nne zinakurudisha nyuma! Ufundi mkubwa huo, naupenda kuliko chochote nilichosoma kuhusu magari haya. Ila urefu wake unakaribia mita tatu, na kona za huku ni kali. Nabaki na Peel.

Ami ameshaanza kupasua mbao za kielelezo cha ukubwa kamili. Picha nitaleta, inshallah.