Fomu ya ankara na mistari yake: Access, LibreOffice Base au PostgreSQL?

Stoo_Nakuru:
Wadau, duka la pembejeo hapa Nakuru linauza kwa jumla kwa maduka ya Njoro, Molo na Subukia. Ankara moja hubeba mistari 5 hadi 30: mbolea ya CAN ya kilo 50, chumvi ya ng'ombe, dawa za kupe. Sasa hivi kila kitu kimo katika jedwali moja, jina la mteja likirudiwa kila mstari. Makarani ni watatu na wanaingiza kwa wakati mmoja. Nichague programu ipi ya hifadhidata kati ya Access, LibreOffice Base na PostgreSQL?

Fundi_Milimani:
Kabla ya programu, gawa majedwali. Ankara: ankara_id, tarehe, mteja_id. Mistari: mstari_id, ankara_id, bidhaa_id, idadi, bei. Bei inakiliwa ndani ya mstari siku ya kuuza. Ukiisoma kutoka jedwali la bidhaa, CAN ikipanda wiki ijayo hata ankara za mwezi uliopita zitabadilika jumla, na mteja atakuja kugombana akiwa na haki.

Access ndiyo ya haraka. Weka fomu ndogo ya mistari ndani ya fomu kuu ya ankara, kisha kwenye "Link Master Fields" na "Link Child Fields" andika ankara_id pande zote mbili. Sasa sikiliza hapa: karani akianza kuandika mistari kabla ya kichwa (tarehe na mteja wa ankara), ankara_id ya mstari hubaki tupu. Uhusiano kati ya majedwali hauzuii sehemu tupu, hata ukiwa umewashwa ipasavyo. Lazima uende kwenye jedwali la mistari uifanye ankara_id kuwa ya lazima, na ufute 0 iliyowekwa kama thamani ya kuanzia.

Kibuye_Data:
Naongeza kwa Fundi. Access huhifadhi kichwa mara tu kishale kinapoingia fomu ndogo. Mteja akighairi, kichwa kimeshakaa bila mstari hata mmoja. Tafuteni vichwa vya namna hiyo kila jioni kabla ya kufunga hesabu. Na kwa makarani watatu, faili la majedwali likae kwenye kompyuta moja, kila karani awe na nakala yake ya fomu, na mtandao uwe wa waya. Wi-Fi ikikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaweza kuharibika.

Base ni ya bure, lakini hifadhidata iliyo ndani ya faili lake ni ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, na stima ikipotea kabla hujafunga unaweza kupoteza kazi. Kwa duka hili, hapana. Itumie tu ikiwa imeunganishwa na seva.

Lurambi_SQL:
Mimi nasema PostgreSQL na ukurasa wa kivinjari. Karani anajaza kichwa na mistari yote, anabonyeza Hifadhi mara moja, na vyote vinaingia kama muamala mmoja:

BEGIN;
INSERT INTO ankara (tarehe, mteja_id) VALUES (CURRENT_DATE, 14) RETURNING ankara_id;
-- mistari yote inaingia hapa kwa namba ya ankara iliyorudi
COMMIT;

Mstari wa 17 ukikataliwa, kichwa nacho hakiingii. Usitafute namba kwa MAX(ankara_id)+1: makarani wawili wakibonyeza pamoja watapata namba moja. Weka faharasa (index, ya kuharakisha utafutaji) kwenye mistari.ankara_id, PostgreSQL haikuundii yenyewe. Fedha ziwe numeric(12,2), yaani tarakimu 12, mbili zikiwa za senti.

Gharama yake ni kazi: kitufe cha Enter kuongeza mstari, kutafuta bidhaa kwa herufi za mwanzo, yote unayaandika wewe. Tena ukurasa ukifungwa kabla ya kuhifadhi, mistari 30 imeenda. Weka rasimu kwenye kumbukumbu ya kivinjari kila mstari unapoongezwa.

Stoo_Nakuru:
Asanteni sana. Naanza na Access, seva baadaye. Mbona jumla ya chini inaonyesha #Error?

Fundi_Milimani:
Umejumlisha jina la kisanduku cha fomu. Sum inataka sehemu za jedwali zenyewe: =Sum([idadi]*[bei]), kwenye sehemu ya chini ya fomu ndogo. Na unapokopi bei kutoka orodha ya bidhaa, kumbuka safu zinahesabiwa kuanzia 0, kwa hiyo safu ya tatu ni Column(2).