Je, Jumuiya imelipunguzia Bunge letu mamlaka?

Mwanafunzi, Makerere: Ndugu zangu, ninaandika tasnifu kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki na taasisi za Uganda. Ibara ya 152 ya Katiba yetu inasema kwamba kodi haitatozwa ila kwa mamlaka ya sheria ya Bunge. Hata hivyo, viwango vya ushuru wa forodha hukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama, kisha vikatangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Bunge limebakiwa na kazi gani hapo?

Wakala wa forodha, Malaba: Sheria tunayoifungua hapa kila siku ni ile ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge la Afrika Mashariki, si la Kampala. Maofisa wa URA, yaani Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ndio wanaoitekeleza. Tena jedwali la ushuru peke yake halitoshi: tangu Julai 2022 zipo bidhaa zinazotozwa asilimia 35, lakini nchi moja inaweza kuombewa na waziri wake kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, na mteja asiyelisoma Gazeti hushtukia bili.

Wakili, Mbarara: Mfano huo wa kiwango tofauti ndio kiini cha jambo, maana anayekiomba ni waziri. Kwa maoni yangu Bunge halikunyang'anywa mamlaka na Arusha, yaani makao makuu ya Jumuiya. Limeyaachia Baraza la Mawaziri la Jumuiya, yaani serikali zenyewe zikiwa zimeketi pamoja. Ibara ya 8 ya Mkataba ulioanzisha Jumuiya inazipa sheria za Jumuiya nafasi ya juu katika mambo yanayouhusu Mkataba huo, na Bunge letu liliupa nguvu ya kisheria nchini mwaka 2002.

Kwa mahakama mambo ni tofauti kidogo. Mnamo Novemba 2005 askari waliizingira Mahakama Kuu ya Kampala ili kuwakamata upya washtakiwa waliopewa dhamana. Katika kesi ya Katabazi, mmoja wa washtakiwa hao, mwaka 2007, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba kitendo hicho kilikiuka utawala wa sheria unaotajwa katika Mkataba. Hapo Jumuiya iliikinga mahakama ya nchi dhidi ya serikali yake yenyewe.

Mwanafunzi, Makerere: Ahsante, wakili. Je, Bunge linaweza kumtaka waziri aeleze msimamo wake kabla hajaenda Arusha?

Wakili, Mbarara: Nchini Denmark, waziri anayekwenda Brussels, kwenye vikao vya Umoja wa Ulaya, kwa jambo zito huomba kwanza ridhaa ya kamati ya Bunge. Mkataba wetu haukatazi utaratibu huo, na Bunge likitaka linaweza kuuweka katika kanuni zake.