Mjadala: Mama zetu wa mpakani wachorwe ukutani ama tuwache?

Mwenye mada
Naleta hii na nataka watu waseme bila kuoneana haya. Siku hizi barazani hapa Lamu yazuka sana hoja kwamba kina mama wanaofanya kazi upande wa mpaka wa Somalia, Kiunga, Ishakani, Mkokoni, Kizingitini, Faza huko, wawekewe kitu cha wazi cha kuwaenzi, yani mchoro mkubwa wa ukutani ama hata sanamu. Kuna wanaosema iwekwe Mkunguni mbele ya ngome, kuna wanaosema pale jeti kila boti likifika ionekane, na kuna wasiotaka hata kusikia.

Mimi nataka, lkn si sanamu na si Mkunguni. Iwe hukohuko waliko, kwenye ukuta wanaoutumia wao, na wao ndio waseme wachorwe nini. Kwa sababu mpaka wetu na Somalia watu waujua kwa habari za mabomu tu, tangu jeshi livuke Oktoba 2011 baada ya wale wageni kutekwa Kiwayu na Manda, ukimtajia mtu wa Nairobi Kiunga akili yake yakimbilia msitu wa Boni na magari ya jeshi. Hamfikirii yule mwanamke aloshuka mwambani maji yamekupwa, buibui kalikaza kiunoni, chuma mkononi, anachokoa tundu la jiwe taratibu mpaka pweza ajishike mwenyewe, na nyuma yake ndoo kuukuu ya rangi yaelea imefungwa kamba. Yule ndiye analisha watu. Hana picha popote, hata kwenye kalenda ya kaunti!

Fundi wa chokaa
Kabla ya yote, ukuta gani? Maana hapa mjini msijidanganye. Mji wa kale uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 na kuna sheria ya makumbusho na turathi ya 2006, huamki tu asubuhi na mkebe wa rangi. Na wacha sheria, nyumba yenyewe haitaki. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, zavuta unyevu wa chumvi na kuutoa. Ukipaka rangi ya mafuta au ya plastiki ule unyevu wakosa pa kutokea, plasta yatuna kama mkate wa mofa, ukigonga kwa kidole yalia tupu, mwaka wa pili huyo mama mliyemchora hana pua. Nimebandua hizo kuta nazijua.

Kijana wa Langoni
Ami kwani lazima iwe ukuta wa jiwe? Tuna matanga yaliyochakaa yamejaa kwa mafundi wa majahazi. Chora kwenye tanga, ning'iniza, ikipauka shusha weka ingine. Watu wakisikia sanaa wanafikiria saruji tu.

Ustadhi
Assalam aleikum. Sipingi kuwasifu mama zetu, Pepo iko chini ya nyayo zao na hilo halina mjadala. Napinga umbo na uso. Ulamaa wengi wamekataza kuchonga sanamu ya kiumbe chenye roho, na kuchora kwa mkono pia wengi hawakupendi, mwalijua hilo tangu chuoni. Halafu tazameni mji huu ulivyokuwa, zamani mwanamke wa Kiamu akitoka alitembea ndani ya shiraa, hema zima lashikiliwa juu ya vijiti asionekane hata kivuli, leo tumweke ukutani mbele ya jeti watalii wapige naye selfi? Si kwamba hatuna sanaa. Milango ya Lamu na Siyu, vidaka vya ndani, siwa, lile baragumu letu la shaba, hakuna uso hata mmoja na dunia nzima yaja kuvitazama. Wachonge mlango, waandike hati, waweke maua na mawimbi.

Kijana wa Langoni
Shekhe kwa heshima, hizo shiraa zilikuwa za mabibi wa nyumba za mawe, na walioshika hivyo vijiti walikuwa watumwa. Mama wa mwambani hajawahi kuwa na shiraa.

Ustadhi
Hilo ni kweli mwanangu, lkn halibadilishi hukumu ya picha.

Mpeketoni mkulima
Na mnaposema mpakani ni Wabajuni, hao wavuvi wa visiwani, peke yao? Wanawake wa Mpeketoni wanalima pamba na ufuta, Juni 2014 Al-Shabaab walipotushambulia walizika waume zao na msimu uliofuata wakarudi shambani. Na Waawer wa Basuba na Mangai, watu wa msitu wa Boni, hao msitu ulifungwa na operesheni ya jeshi tangu 2015, asali na mitishamba wakaitafuta wapi? Ukichora pweza tu umechora nusu ya kaunti.

Aliyeko mbali
Mimi niko Texas, nawapa mfano wa mpaka wa huku. Ng'ambo ya El Paso, mto tu katikati, kuna mji wa Mexico waitwa Ciudad Juárez. Umejaa viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuza Marekani na wasichana kutoka mashambani walimiminika kufanya kazi humo. Kuanzia miaka ya 1990 wanawake wakawa wanauawa na kutupwa jangwani, wengine ni hao hao wa viwandani, na polisi hawana habari. Familia zikaanza kupaka misalaba myeusi juu ya rangi ya waridi kwenye nguzo za umeme. Hakuna tenda wala kamati, ni mama na ndugu na brashi yao. Ukipita huwezi kujifanya hujaona.

Mwaka 2001 maiti nane zikapatikana kwenye shamba la zamani la pamba. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika na 2009 ikaamua serikali ya Mexico ina makosa, na katika adhabu wakaambiwa wajenge mnara wa kumbukumbu hapo hapo shambani. Ukazinduliwa 2011. Na mjue nini, baadhi ya mama wenyewe wakaja kuupinga! Walisema mnatujengea mnara na wauaji hamjawashika. Kwa hivyo sanaa aliyoipaka mama mwenyewe kwenye nguzo iliuma kuliko jiwe la serikali. Mimi nafikiria hilo kila nikisikia kaunti yoyote yataka kujenga sanamu.

Mama karanga
Haya sasa mumemaliza wanaume naomba niseme mimi maana naona mwanijadili kama mimi ni mlango. Mimi nakaanga samaki Kizingitini na mamangu alikaanga na dadangu asuka mikeka, hakuna hata mmoja alokuja kutuuliza twataka kuonekana ama hatutaki. Mwataka kuchora samaki wangu na barafu ya kuwawekea hakuna, wakiwa wengi bei yaanguka saa hiyo hiyo twauza kwa bei ya kutupa ama twakausha kwa chumvi, boti la kwenda Lamu nauli ndiyo hiyo mwaijua. Na 2018 Mahakama Kuu iliposema wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya uvuvi wao kuharibiwa na bandari mpya ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET, kila mtu alijua mvuvi ni nani, mvuvi ni mwenye chombo na nyavu. Mimi ninayemnunulia, nikamkaanga, nikamuuza na nikamkopesha mafuta ya mashine yeye akiwa hana, mimi ni nani? Sasa kama huo mchoro utanifanya nihesabiwe siku ya kuandika majina basi nichoreni mpaka kwenye paa la msikiti, shekhe nisamehe. Kama ni wa kupiga picha mheshimiwa akija kufungua, bakini nao hukohuko Lamu.

Mwenye mada
Bi, ushanishinda kwa maneno lkn sikubali yote. Pesa ya barafu na pesa ya rangi hazitoki mfuko mmoja, ukikataa rangi hupewi barafu, unakosa vyote. Na hilo la kuhesabiwa ndilo ninalolisema mimi, mtu asiyeonekana haandikwi. Malindi wana sanamu ya Mekatilili wa Menza, aliyewasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, na watoto wa shule wapelekwa pale wamjua kwa jina. Sisi upande huu tuna nani?

Mama karanga
Mekatilili alipigana na Mzungu. Mimi napigana na moshi na madeni.

Bint Kiunga
Mimi naona kuna kitu hamjakigusa, na si dini wala chokaa. Kiunga kwetu Ras Kiamboni, hapo ng'ambo Somalia, ni kwa mjomba, bibi yangu alikuwa akivuka kuuza mikeka na kurudi na nguo na tambi, ilikuwa safari ya kawaida tu. Mpaka ulipofungwa biashara hiyo ilikufa kwenye karatasi tu, mengine siyasemi. Sasa wewe utachora uso wa mwanamke anayejulikana, ukutani, Kiunga, upande mmoja askari wanauliza huyu anavuka kwenda kufanya nini, upande wa pili wako wengine ambao mwawajua. Mtalala nyumbani kwenu Lamu, yeye atalala na ule uso wake nje. Kwa hivyo ustadhi mimi na wewe tumefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, nyuso hapana.

Lkn nataka kitu. Nataka mikono, ile mikono iliyochanika kwa miyaa na mwiba wa samaki. Nataka chuma cha pweza, mbuzi ya nazi, karai, ukili wa mkeka nusu haujamalizwa. Na maneno ya leso, mama zetu wamesema makubwa kwenye leso miaka yote bila kutia saini na kila jirani alijua laambiwa nani. Hapo askari asome asisome, sisi tutajuana.

Fundi wa chokaa
Kwenye ukuta wa saruji wa banda la samaki hilo mimi sina neno. Nitawachanganyia rangi bure.

Ustadhi
Mikono bila mwili Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, lkn vyombo na maneno sioni ubaya.

Mpeketoni mkulima
Jembe liwemo.

Kijana wa Langoni
Tanga langu limesahaulika hivyo

Mwenye mada
Halijasahaulika, tanga ndilo litakalokuja kuonyeshwa Lamu, ukuta ubaki kwao. Bi wa Kizingitini, tukija na brashi mtatupokea? Lini?

Mama karanga
Muje baada ya bamvua, wakati wa bamvua maji yakupwa sana watu wako mwambani, hamumkuti mtu nyumbani. Na maneno ya leso nachagua mimi, musije na yenu mumeshaandika.