Siku moja Ngorongoro na kijana anayependa mawe, nipangeje?

MamaTumaini
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, mwezi ujao nitakuwa Karatu kwenye shughuli ya kifamilia na nina siku moja tupu, nataka nimpeleke mwanangu wa kidato cha tatu Ngorongoro. Sasa huyu simba na tembo hana habari nao, yeye ni mawe na volkano, tangu asikie Ngorongoro Lengai ni jiopaki ya UNESCO (eneo linalotambuliwa kwa miamba na jiolojia yake) toka 2018 hatulali. Anataka tushuke kreta, twende bonde la Oldupai, tuone mchanga unaohama, halafu tupande mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, vyote siku hiyohiyo. Na bibi yake atakuwepo, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Inawezekana? Nikilazimika kuchagua niache nini?

Mpandaji
Dada, Lengai toa kabisa. Uko kule upande wa Ziwa Natron, watu wanaanza kupanda usiku wa manane ili jua lisiwakute kwenye majivu, mwinuko mkali mno na kushuka ndo kunamaliza magoti. Ile ni safari yake peke yake. Ila mwambie kijana asivunjike moyo, huo mchanga mweusi anaoutaka ni majivu ya volkano, na Wamasai wa pale watakwambia yametoka hukohuko kwa Lengai, upepo ndo unalisukuma tuta zima la mchanga kidogokidogo kila mwaka. Mchukulie sumaku, chembe zake zina chuma zinanasa, wangu alikaa pale saa nzima hataki kuondoka.

Mwl_Jiografia
Mimi ningeacha kushuka kreta. Najua wengi watanipinga lakini sikiliza, Ngorongoro ni kaldera, mlima mkubwa uliobomokea ndani zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, ukingo mpaka chini ni kama mita 600, na umbo hilo unalielewa ukiwa JUU unaangalia, ukishuka unaona nyumbu na pundamilia tu. Oldupai ndo kitabu chenyewe. Tabaka zimepangana, chini lava nyeusi, juu yake majivu na udongo, kuna moja jekundu kabisa, na kwenye tabaka la kwanza juu ya lava ndo mtafiti Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, 1959, la miaka kama milioni 1.75. Kijana aulize umri wameujuaje, aambiwe habari ya potasiamu ndani ya majivu inavyogeuka gesi ya agoni taratibu, hilo hatalisahau mpaka uzeeni. Nakala ya nyayo za kale za Laetoli, za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, ipo kwenye makumbusho palepale, na bibi anaweza kukaa kivulini akaliona bonde lote bila kutembea.

Babu_Safari
Mwalimu nakuheshimu ila kwa bibi kreta ndo rahisi, anakaa kwenye gari mwanzo mwisho. Sharti gari liwe foo-bai-foo, sisi tulikodishwa gari tukaambiwa linafaa, kufika juu tukazuiwa kushuka na mama mkwe wangu alikuwa amesafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku ile, iliniuma sana. Na kuna tozo ya gari kushuka, mbali na kiingilio, uliza kabisa kabla. Mkishuka mkafika Ngoitokitok, sehemu ya kula chakula ndani ya kreta, kuleni ndani ya gari, mwewe wa pale wanapokonya chakula mkononi na kucha zao zinachana.

MamaTumaini
Asanteni sana jamani. Nimemuonyesha kijana, amechagua Oldupai na mchanga mwenyewe, kreta tutaiangalia toka juu. Sasa tuanzie wapi, maana kituo cha kuangalia kreta ndo kinatangulia njiani?

Mpandaji
Msisimame asubuhi, pale juu ukungu unaweza kufunika usione hata mti wa mbele yako, na ni zaidi ya mita 2,200 kwa hiyo bibi avae sweta zito hata kama Karatu kuna jua. Muwe kwenye geti la hifadhi saa 12 asubuhi linapofunguliwa, malipo myamalize siku moja kabla, vitambulisho vya uraia mkononi ili mlipe kiwango cha Mtanzania. Nyoosheni mpaka kwenye mchanga kabla jua halijachoma, mkirudi mnaingia Oldupai, kreta iwe ya mwisho saa 9 hivi, ukungu umeshapanda, mwanga mzuri. Barabara baada ya geti ni vumbi na mawimbi, mgongo wa bibi utamuuma, mkalishe mbele na mto. Kabla ya saa 12 jioni muwe mmetoka.

MamaTumaini
Sumaku tumeshapata, tumeing'oa kwenye spika mbovu. Nitaleta picha.